Kaseti ya Baba na Mawingu ya Watu

Kasuku yule alikuwa wa kijivu, mkia mwekundu, na alikaa Sakania, mpakani, kwenye baraza ya shefu wa gare, mkuu wa stesheni. Nilimwona mara moja tu, nikiwa mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Baba yangu alifanya kazi ya reli. Kazi yake ilikuwa kupiga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo ndogo yenye mpini mrefu, ti, ti, ti, kila gari la moshi liliposimama, na kusikiliza. Gurudumu zima linaimba. Lenye ufa linakohoa. Watu wengi walisafiri kutoka Lubumbashi mpaka mpakani na wakafika salama kwa sababu ya sikio la baba, na hawakujua, tena walikuwa wakimtolea maneno dirishani kwamba anawachelewesha.

Siku ile alinichukua pamoja naye. Labda mama alikuwa amechoka nami. Sakania ilikuwa vumbi na samaki wakavu, na kasuku. Jua lilipofika utosini akaanza kuita. Aliita kwa sauti ya mwanamke, mama wa makamo aliyechoka kidogo: "Batoto! Mukuye kulya! Mikono! Munawe mikono!"

Nikageuka nimtafute huyo mama. Hakuwapo, alikuwa amekufa. Alikuwa mke wa shefu wa zamani. Mume alihamishwa kazi, nyumba ikapata shefu mwingine, na kasuku akabaki na nyumba kama vile mlango unavyobaki. Watoto wa marehemu waliachwa kwa shangazi yao, nyuma ya reli. Kila siku saa ile walikuja, wakasimama kwenye ua wa matete, wakamsikiliza mama yao akiwaita. Mikono yao ilikuwa mibichi. Walikuwa wamenawa. Na shefu mpya akawa anawaonyesha wageni huku anacheka: "Muangalie! Muangalie bale!"

Baba alivua kofia akaishika kifuani. Hakucheka. Tuliporudi ndani ya gari ndipo aliniambia, bila kunitazama: "Sauti ya muntu haipashwe kulala mu nyumba ya muntu mwingine." Kasuku yule wengine walisema aliuzwa Zambia, wengine walisema aliliwa na paka. Mimi naamini paka.

Sasa huyo baba. Sisi ni watu wa kaskazini ya Katanga, tulioletwa huku na reli na mungoti, machimbo ya shaba, wakatoliki wa misa ya kwanza, lakini kilio chetu kilikuwa na mambo yake. Mtu wa kwetu akifa, mwenye kujua anasimama na kuita kasala, yaani majina ya ukoo: huyu alizaliwa na yule aliyevuka mto fulani, yule ndugu wa aliyeua chui kwa mchi wa kutwangia. Anashuka hivyo, baba kwa mtoto, mpaka anafika kwa walio hai. Ukiitwa jina lako unasimama na kujibu: "Niko." Ni lazima. Aliye hai akiitwa akanyamaza, amejizika mwenyewe. Na kasala si muziki wa kunywea pombe. Haipigwi kama hakuna kilio.

Baba alipoona kifua kinamshinda, alimwita jirani mwenye mashine ya kaseti, akakaa uani na kuita kasala yetu yote upande mmoja wa kaseti. Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa pale. Jina lake lilipoitwa alijibu. Mimi sikuwapo. Nilikuwa dereva wa kamiyo, lori la mizigo, nimekwama mpakani Kasumbalesa kwenye mstari wa magari ambao ukiingia ndevu zinaota. Yaya alinisimulia baadaye. Baba aliita jina langu, akanyamaza, akangoja. Kuku wakalia, mtu akatwanga mahali. Kisha akaendelea.

Niliporudi nilimwambia baba turudie. Akakataa. "Nafasi yako nimekuachia," akasema. "Na hii kaseti haiko ya kilio changu, iko ya bilio byenu. Mimi mudogo yangu ataniita."

Kweli, baba mdogo alimwita. Baadaye baba mdogo naye akafa, na hapo hapakubaki mtu wa kuita mtu. Watoto wetu wanajua Kifaransa na majina ya wachezaji wa mpira. Ndiyo sababu yaya aliitunza kaseti ile ndani ya sanduku lake kama mtu anayetunza nguo ya kuzikiwa. Aliniambia si mara moja: "Weye, siku nitakufa, usiangaike na bia. Unitilie baba aniite. Basi."

Nikamwahidi. Ni kitu kidogo kuahidi.

Halafu ukaja ule mwaka ambao province yetu ilikatwa vipande kama ng'ombe, kila mtu akiulizwa yeye ni wa pande gani. Kampani zilifunga. Pesa ilikuwa inaanguka mfukoni hata umekaa. Kila asubuhi mtu alipita mtaani akisema, "Bamefika! Beko Luano, ku kiwanja ya ndege!" Nani wamefika? Hakuna aliyejua, lakini wauza mkate walifunga. Yaya alikuwa ameona pillage ya kwanza, ule uporaji wa zamani, mimi pia. Mimi niliona askari amebeba bafu la kuogea kichwani kama kofia, jasho linamtoka, na hakukuwa na maji mji mzima. Kwa hiyo alipoanza kusema, "Safari hii batabeba sanduku yangu," sikuweza kumwambia anaota.

Ni yeye aliyesikia habari ya biblioteke, yaani maktaba. Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya parokia, na bwana mmoja aliyesomea mambo ya vitabu. Mtu mwembamba, mpole kupita kiasi. Mtu mpole namna ile mimi nahesabu vidole vyangu baada ya kumsalimia. Alikuwa anakusanya magazeti ya zamani ya kambi za wafanyakazi, picha za arusi, kaseti za wazee. Alijitengenezea kitanda cha mbao za kasha, cha kulalia kitabu kilichofunguliwa, kioo juu, kamera juu ya kioo, akapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Umeme ukikatika alikaa kimya na kungoja. Ukirudi aliendelea bila kulaani. Hilo nalo lilinitia mashaka. Mtu wa Lubumbashi asiyelaani umeme?

Nilimpeleka yaya, kaseti iko ndani ya kitenge chake.

"Mutoto wangu," nikamwambia yule bwana, "hii ukiitia mu mashini, yenyewe inabakia nini?"

"Inabakia kaseti, papa. Mimi nachukua sauti tu."

"Unachukua sauti, na kaseti inabakia na sauti?"

"Ndiyo."

"Hapo njo sielewe. Muntu akichukua kuku yangu, minabakia bila kuku."

Yaya akanipiga kiwiko. "Umuache muntu atumike kazi! Sauti ni kuku?"

"Na kisha inaenda wapi?"

"Ya kwanza inabakia mu hii ordinatere," akasema, akigusa kompyuta yake. "Ya pili natuma juu, mu mawingu."

Nikatazama dirishani. Ilikuwa kiangazi, mbingu tupu kama sahani iliyolambwa.

"Mawingu ya nani?"

Akatabasamu. "Ni namna ya kusema, papa. Ni ordinatere kubwa za bantu bengine, beko nazo inchi ya mbali. Tunalomba nafasi, tunaweka bintu byetu kule. Hata biblioteke iungue, hata babebe mashini yote, byenyewe biko."

"Basi useme: kwa bantu bengine. Unanitajia mawingu juu ya nini? Na ikienda kule, inapita na Kasumbalesa?"

"Hapana, haipite na mupaka hata mumoja."

"Duane ya kulipisha ushuru haiione?"

"Haiione."

"Kintu chenye duane haione," nikamwambia, "hicho kiko cha mwizi. Nimeendesha kamiyo, najua."

Yaya alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuwa nacheka. Maisha yangu yote nimeona vitu vya Katanga vikipanda gari na kwenda, na kila mara alikuwapo bwana mpole mwenye karatasi anayesema ni kwa faida yenu. Shaba imekwenda hivyo. Sasa anakuja mtu kusema baba yangu naye atapanda kwenda inchi ya mbali, bila kulipa.

Nikamuuliza hiyo programu yake alinunua wapi. Hakununua. Ni ya bure, akasema, na hapo macho yake yaliwaka. Watu wa inchi nyingi waliitengeneza pamoja, hata hawajuani, na kila mtu anaweza kuifungua aone ndani namna ilivyofanywa, aibadilishe, awape wengine. "Ni sawa kinywaji ya munkoyo, papa. Kila mama anajua ni bunga gani, ni muzizi gani. Mwenye kupata namna ya kuongeza utamu, anaambia benzake. Hakuna siri."

"Mama wa munkoyo namujua," nikasema. "Minaona uso yake, minaona na sufuria. Munkoyo ikiniumiza tumbo, naenda kumugongea mulango. Hawa bako bantu, mulango yabo iko wapi?"

Alifunga waya kati ya mashine ya kaseti na ordinatere, akaweka vidole kwenye vibonye, akaanza kuuliza. Inchi gani, luga gani, nani anasema. Kisha: "Mwenye hii sauti ni nani?"

"Baba."

"Bado mwenye uzima?"

"Alikufa."

"Basi niandike weye njo mwenye."

Nikakasirika. "Weye ulisikia wapi hiyo? Baba akikufa anaacha kuwa baba? Hata hii koti navaa iko koti ya baba. Andika baba."

Akatazama yaya. Yaya akakubali kwa kichwa. Akaandika baba.

"Na bantu bengine, basikilize ao hapana?"

"Uulize mwenye," nikamwambia, nikatoka nje, kwa sababu alikuwa anataka kuipiga ile kaseti, na hapakuwa na kilio. Nilisimama uani kwa parokia nimeziba masikio kwa vidole, mzee mzima, masista wawili wakipita na kunisalimia kwa upole wa kumsalimia mgonjwa. Yaya alibaki ndani. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alisema: "Nimejisikia nikijibu. Nilikuwa na sauti nzuri, weye."

Kaseti ilibaki kule kwenye kasha, kwa usalama. Hilo lilikuwa neno la yaya.

Haukupita muda, risasi zikalia asubuhi upande wa kati ya mji. Wengine walisema wapiganaji wa msituni wenye hirizi, wengine askari kwa askari. Tulilala chini ya meza na yaya akisali rozari kwa kasi kama mtu anayekimbia mvua. Kulipotulia, vijana wa mtaa wenyewe, si watu wa kutoka mbali, waliingia biblioteke. Ordinatere zilikwenda. Viti vilikwenda. Kile kitanda cha vitabu kikawa kuni za kupikia ugali. Kasha la kaseti walilimwaga wakitafuta kitu cha kuuza, watoto wakavuta nyuzi. Nilipofika, ukuta wa parokia ulikuwa umefungwa utepe wa rangi ya kahawa, unatetemeka kwa upepo, unang'aa. Watu wote wa kambi za zamani walikuwa pale kwenye seng'enge ya juu ya ukuta, wamechanganyika. Sikuweza kujua upi ni baba.

Yule bwana alikuwa amekaa kizingitini, shati limechanika. "Papa, usiumie roho," akaniambia. "Iko juu."

Nilimtazama nikafikiri: naam. Sasa iko juu tu. Vyangu vimekwisha, vyao vimebaki. Mwizi mwenye akili angepanga hivihivi. Najua si haki. Lakini nasema nilichofikiri.

Yaya alianza kuugua kifua, kifua kilekile cha baba. Hospitali waganga walikuwa wamegoma. Alikufa siku ambazo fujo zilikuwa zimerudi na serikali ilikuwa imekata enternete mji mzima. Nilimtumia mtu yule bwana wa biblioteke akaja, sikutegemea, akaja kwa miguu, simu mkononi. Wakati tulikuwa tumekaa chini ya hema uani, wanawake wamekwisha kulia, watu wakingoja, alisimama kando ya jeneza akabonyeza. Kikatokea kiduara kidogo kwenye kioo, kinazunguka. Kikazunguka. Akapanda juu ya kiti. Akapanda juu ya ukuta wa choo, mkono juu, kama mtu anayetaka kuchuma kitu. Watoto wakaanza kucheka, wakapigwa makofi. Kiduara kikazunguka.

"Papa, iko kule," alisema aliposhuka. "Nakuapia, iko kule."

"Yaya naye anaenda," nikamwambia.

Tulimzika bila kuitwa. Padri alisema maneno mazuri ya padri.

Mimi siku hizi nashona viatu, kamiyo ilinishinda kwa sababu ya macho. Nakaa kando ya barabara, mbali na kwetu, penye watu wenye viatu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Enternete ilikuwa imerudi zamani, watu wamesahau hata kwamba ilikatwa. Mchana ule nilikuwa na kiatu cha mama mmoja mkononi, kisigino kimetoka, na nyumba ya pili kutoka pale palikuwa na kilio cha tajiri mmoja mwenye makamiyo. Hema kubwa, viti vya plastiki, spika mbili kama kabati. Walikuwa wakipiga nyimbo za kanisa. Zikanyamaza.

Kisha baba yangu akakohoa.

Ninajua kikohozi kile. Alikohoa, akaanza kuita. Nilisimama na kiatu mkononi, nikaenda, nikapita mlango, nikasimama nyuma ya viti. Sauti ilikuwa kubwa, inapiga mabati ya jirani. Alimwita yule aliyevuka mto. Alimwita aliyeua chui kwa mchi. Jeneza pale mbele lilikuwa na picha ya mtu nisiyemjua, na watu wake walikuwa wanalia kwa babu zangu, wanaweka noti kwenye kapu kwa babu zangu. Nikatafuta nianze na nani. Nilikuwa tayari kupindua spika.

Baba akaita jina la yaya. Na yaya akajibu, bado kijana, wazi kabisa: "Niko, baba!"

Miguu yangu haikutoka tena mahali pale.

Akaita jina langu. Akanyamaza. Kuku wakalia, kuku waliokwisha kuliwa zamani sana. Mtu akatwanga. Watu chini ya hema wakadhani spika imekatika, wakaanza kugeuka, wakamwona mzee ana kiatu cha mwanamke mkononi.

"Niko," nikasema. Haikutosha. Nikasema tena kwa nguvu: "Niko, baba! Niko hapa!"

Baba akaendelea.

Wanawake wawili wa ile familia walinijia wakanikumbatia, wakanililia shingoni. Mtoto wa marehemu, kijana wa tai nyeusi, macho yamevimba, akanisogelea kwa heshima.

"Papa, uko ndugu ya nani?"

"Ya huyu mwenye kusema."

"Huyu ni sauti ya enternete, papa."

"Huyu ni baba yangu."

Nilifikiri atacheka. "Tuliikuta tu kule," akasema. "Iko wazi, hakuna muntu alikataza. Papa yetu alilomba aitwe kasala, na sisi hatujue hata jina moja. Benye kujua balikwisha."

"Lakini haya majina hayako ya babu na bankambo benu."

"Tutajua je?" akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli. "Labda nabo balivuka ule muto."

Walinipa kiti na chakula. Sikula.

Asubuhi nilikwenda kwa bwana wa biblioteke. Alikuwa ameazimwa meza katika ofisi ya parokia na ordinatere moja ya kuukuu, anaanza tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso umeshuka. "Pole, papa. Tutafunga. Leo hii." Akabonyeza, akatafuta, akaipata. Kisha mkono ukasimama.

"Nini?"

"Inaniuliza nani analomba kufunga. Ni mwenye njo anaweza." Akageuza kioo nione, ingawa kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. "Mwenye, tuliandika baba."

Nikavua kofia, nikaiweka gotini.

"Tubadilishe," akasema. "Mi njo naangalia hii sistemu, naweza. Naandika jina yako. Nafunga, hakuna muntu atasikia tena bila ruhusa yako. Ama naacha vile iko. Weye utasema."

"Na siku nitakufa, nani atafungua?"

"Mimi."

"Weye utakuwa wapi?"

Kila mtu mwenye masomo wakati ule alikuwa na begi limekwisha kufungwa. "Nitamuachia mwingine funguo," akasema.

Mwingine. Nikamtazama vizuri. Mwembamba, mpole, shati lilelile limeshonwa bega. Mtu aliyepanda ukuta wa choo kwa ajili ya dada yangu. Na bado sikumwamini, wala hao watu wake wa mbali wasio na mlango, wala huyo mwingine wa kesho. Nikaona watoto wa Sakania kwenye ua wa matete, mikono mibichi. Nikafikiri pia yule kijana wa tai, asiyejua hata jina moja. Kidole cha bwana kilikuwa kinangoja juu ya kibonye.

"Unasema je, papa? Tufunge?"

Nikavaa kofia.

"Papa, haujajibu. Unaenda wapi?"

Kiatu cha mama yule kilikuwa bado mfukoni mwa koti, kisigino hakijapigwa. Nikapita uani, nikapita ukuta wenye seng'enge ambako kipande cha utepe kilikuwa bado kimening'inia, nikashika barabara. Alitoka mpaka mlangoni, akaniita mara nyingine. Sikurudi tena, na mwenye akabaki baba.